Droo Moja, Kazija Wawili

Orodha ilichukua dakika kumi na moja kufunguka. Hizo si dakika za kukisia. Khairat, muuguzi wa macho, alizipima kwa simu yake akiwa kituo cha afya, tableti mapajani, wazee thelathini wakimtazama kwa subira ambayo ilikuwa inakaribia kwisha. Mwisho alimpigia Nusaiba na kumwambia, bila hata salamu, jambo ambalo Pemba halifanywi ila na mtu aliyeshindwa kabisa:

"Dada, nimeteleka chai, nimeinywa, nimeosha kikombe. Orodha yako bado inazunguka."

Programu yenyewe haikuwa ya Nusaiba. Aliyeiandika ni Hamdan, miaka minne nyuma, kisha akaiacha kama alivyoiacha Pemba, na sasa yuko Maskati anauza matairi. Lakini anayelipwa kuitunza ni Nusaiba, na anayepigiwa simu ni Nusaiba. Alikuwa na chumba cha kupanga Machomanne, juu ya duka la vitambaa, feni moja, watoto wawili wanaotoka skuli saa sita na nusu, na mume aliyehamishiwa Unguja kikazi. Mbali na orodha ya macho alikuwa na tovuti ya hoteli, ukurasa wa matokeo wa skuli moja, na mgongo uliokuwa unamuuma tangu mfungo uliopita. Alichoka mpaka kuchoka kwenyewe kukawa kazi nyingine.

Kambi ya macho huja Chake mara moja kwa mwaka. Madaktari hukaa siku nne, hupasua watu sitini kwa siku, kisha huondoka. Mwenye mtoto wa jicho asiyepata nafasi katika hao mia mbili na arubaini hungoja mwaka mwingine akipapasa kuta. Kwa hiyo orodha ya nani aitwe na nani asubiri si karatasi ya kuchezea, na Bwana Ridha, mratibu wa jumuiya inayoandaa kambi, alikuwa amemwambia Nusaiba waziwazi kwamba mwaka huu orodha ikichelewa tena wauguzi watarudi kwenye madaftari.

Akakaa kitako kuifungua kazi ya Hamdan.

Kwa wanaoandika programu, orodha huitwa safu: watu wamepangwa mmoja nyuma ya mwenzake, na kompyuta huwapitia kwa mpango huo. Hamdan alikuwa na safu mbili. Moja ya waliojiandikisha Pemba nzima, watu elfu sita mia mbili na kumi na wawili. Nyingine ya majibu ya vipimo vyao. Kazi ya programu ni kumpa kila mtu majibu yake. Basi Hamdan, Mungu amsamehe, alimchukua mtu wa kwanza akaipita safu ya majibu kutoka mwanzo mpaka ampate. Akamchukua wa pili, akaanza tena mwanzo. Wa tatu, mwanzo tena. Ni kama mtu aliyepewa barua za kijiji kizima azigawe, na kwa kila barua anaanza kubisha hodi nyumba ya kwanza. Na kama hilo halikutosha, kila alipompata mtu mmoja aliinakili safu yote upya ili amwongeze huyo mmoja mwishoni. Nusaiba alipoliona hilo alicheka peke yake, kicheko kisicho na furaha yoyote.

Alianza na kunakili. Badala ya kutengeneza safu mpya kila mara, aliiacha moja ikue. Dakika kumi na moja zikawa tano. Halafu akaivunja safari ya kubisha hodi. Alitengeneza kitu kama kabati la droo nyingi: kila mtu na droo yake, kila droo na lebo yake, ili majibu yakija yaende moja kwa moja kwenye droo yenyewe bila kupita kwa jirani.

Suala likawa ni lebo. Uandike nini juu ya droo?

Namba ya kitambulisho haikufaa, maana nusu ya fomu nafasi hiyo ilikuwa tupu; wazee huviacha vitambulisho kwenye sanduku, na sanduku lina ufunguo, na ufunguo anao mtu aliyekwenda shamba. Simu haikufaa, maana simu moja ya mjukuu huandikishiwa mtaa mzima. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo kichekesho. Kwa mujibu wa karatasi, wazee wa Pemba karibu wote wamezaliwa tarehe mosi Januari. Likabaki jina: la mtu, la baba, la babu, na shehia anayokaa. Ilikuwa saa nane mchana, umeme umekatika, feni imesimama, kompyuta imebakiwa na chaji ya robo, na mtoto mdogo ana homa. Nusaiba akaona yanatosha.

Akaendesha programu. Sekunde mbili.

Aliendesha tena kwa kutoamini. Sekunde mbili. Chini ya ukurasa idadi ilisoma elfu sita mia moja sabini na moja. Wamepungua watu arubaini na mmoja, na Nusaiba alijua kwa nini, au alidhani anajua: wapo wanaojiandikisha mara mbili, leo kituo hiki na kesho kituo kile, kwa khofu ya kusahauliwa. Hata alifurahi kidogo kwamba marudio yameondoka yenyewe. Akaifunga kompyuta, akalala sakafuni na mwanawe kwa nusu saa.

Khairat alimletea ujumbe wa sauti wa kumshukuru, mrefu, wenye dua ndani yake. Bwana Ridha alisema, "Bi Nusaiba, umetutua gunia." Jumatatu ujumbe wa simu ukatoka kwa watu mia mbili na arubaini, kila mmoja akiambiwa siku yake.

Jumanne asubuhi mama yake akapiga kutoka Vitongoji.

"Mwanangu, Kazija Mdogo kaitwa," alisema. "Mie sijaitwa."

"Wanaita kwa hali ya macho, mama. Pengine yeye yake yamezidi."

"Yangu yamezidi yake. Yeye angali anaona moto jikoni. Mie moto nausikia tu."

Nusaiba aliguna, akasema ataangalia. Alikuwa na hakika mama yake amekosea kitu, maana mama yake alikuwa na tabia ya kudhani kila kinachompata mdogo wake kimetolewa kwake yeye. Akaliandika jina la mama yake: Kazija Mjaka Nyange, Vitongoji. Likaja hapo hapo, sekunde haikutimia. Kuitwa: ndiyo. Siku: ya tatu. Akashukuru Mungu, akanyoosha mkono kuichukua simu ampe mama habari njema.

Kisha akaitazama namba ya simu iliyoandikwa pale. Haikuwa ya mama. Ilikuwa ya mama mdogo.

Akatafuta tena. Hapakuwa na Kazija mwingine.

Babu yake, Mjaka Nyange, alikuwa na wake wawili. Bi Mwatima alizaa binti wa kwanza, akampa jina la mkwewe, Kazija, kama ilivyo heshima. Miaka minne baadaye Bi Moza naye akazaa binti. Mkwe alikuwa yu hai, anasikia vizuri na ana ulimi, akasema haiwezekani nyumba moja iwe na jina lake na nyingine ikose. Nani angebisha? Wakawepo Kazija wawili, baba mmoja, babu mmoja, shehia moja, na nyumba zao mpaka leo zinapakana kwa ua wa makuti. Hakuna aliyewahi kuwachanganya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaita kwa majina matatu. Vitongoji wanaitwa Kazija wa Mwatima na Kazija wa Moza, au Mkubwa na Mdogo, na kwa Nusaiba ni mama na mama mdogo, basi. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kumpitikia kwamba kwenye karatasi mama yake na mama yake mdogo ni mtu mmoja.

Droo hupokea mtu mmoja. Anayekuja wa pili na lebo ile ile humsukuma nje wa kwanza, kimya, bila kilio wala taarifa. Mama yake alikuwa wa kwanza. Alikwenda kujiandikisha tangu alfajiri, akishikwa mkono na mtoto wa jirani. Mdogo alikwenda adhuhuri.

Nusaiba akawakumbuka arubaini wengine, na akaona aibu ambayo hakupata kuiona tangu utoto. Si marudio. Ni watu. Pemba hii, ambapo mjukuu hupewa jina la babu na kila babu ana wajukuu kumi, yeye mzaliwa wa hapa ameweka jina kuwa lebo. Mgeni angefanya hivyo ungemsamehe.

Alikwenda kwa Bwana Ridha kwa miguu, maana alitaka muda wa kupanga maneno, na hakupanga hata moja.

"Nimefuta watu arubaini na mmoja," alimwambia.

Bwana Ridha alikuwa mtu mpole aliyeota mvi mapema. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Nusaiba akamweleza yote, droo na lebo na idadi aliyoiona akaifurahia.

"Nafasi zimejaa," Bwana Ridha alisema. "Siwezi kumwambia mtu aliyekwisha kuitwa kwamba asije. Lakini kila mwaka wapo wanaorudishwa kwa sababu ya presha au sukari. Siku ya mwisho huwa napata tano, sita. Warejeshe watu wako, wapange kwa hali zao, tutachukua wa juu."

"Mama yangu ni mmoja wao."

Bwana Ridha akamtazama. "Basi mweke wa kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Nani atauliza?"

Nusaiba aliinuka akaaga. Si kwa uadilifu. Alikuwa amechoka tu.

Kutengeneza upya kulimchukua asubuhi moja. Alizifanya droo zipokee zaidi ya mtu mmoja, na kila fomu akaipa namba yake yenyewe tangu inapoingia, jambo ambalo lingempotezea robo saa tu kulifanya mwanzo. Programu ikawa sekunde tatu badala ya mbili. Sekunde moja hiyo ilimkera kuliko kosa lote. Watu arubaini na mmoja, kwa ajili ya sekunde moja na usingizi wa nusu saa.

Kisha siku nzima ya pili ikaenda kwa simu, kuwahakiki hao arubaini na mmoja, maana majina hayakutosha tena. "Mama yako nani?" aliwauliza wote, na wote walijibu hapo hapo, wala hakuna aliyeshangaa kuulizwa.

Siku ya tatu ya kambi Bi Mdogo aliletwa Chake kupasuliwa, na mama akaja naye. Kila mmoja alidai ndiye anayemshika mwenzake mkono. Mdogo akaingizwa ndani. Mama akabaki kwenye benchi la ukumbini, leso imemkaa vizuri, uso ameuelekeza ukutani akidhani ni kwenye mlango. Nusaiba akakaa kando yake na kompyuta. Presha na sukari zilikuwa zimerudisha watu sita. Bwana Ridha alikuwa ametuma ujumbe: Sita, niletee majina kabla ya adhuhuri.

Akaendesha programu. Sekunde tatu. Majina arubaini na moja yakajipanga kwa alama walizotoa wauguzi: macho yote mawili au moja, anaona mwanga au haoni, ana mtu wa kumshika mkono au yu peke yake.

"Nimo?" mama aliuliza. Alisikia vidole vimesimama.

"Umo, mama."

"Wa ngapi?"

"Wa saba."

"Wanatwaa wangapi?"

"Sita."

Ndani ya chumba mtu aliangusha kitu cha chuma, akasikika akiomba radhi.

"Naweza kukuweka wa sita," Nusaiba alisema haraka, kabla hajajizuia. "Ni kubadilisha alama moja tu. Hakuna atakayejua."

"Wa sita sasa ni nani?"

"Jaribu Ame Jaribu, wa Chokocho."

"Ana nani?"

Nusaiba alisoma, ingawa alikuwa anakumbuka. "Hana ntu, mama. Anakaa peke yake."

"Na mie n'nae Mdogo, ndo maana nimeshuka," mama alisema. Sauti yake ikapanda, na waliokuwa benchi la pili wakageuka. "Kwa sababu n'nae ndugu! Mie n'lifika alfajiri, Nusaiba. N'lifika wa mwanzo. Nimekaa siku nane na simu mapajani, kila apitaye namwambia nisomee, nisomee. Wangeniuliza mama yangu nani, ningewaambia Mwatima. Hakuna alonuliza!"

"Aliyeamua jina linatosha ni mimi, mama."

"Najua. Ndo linaloniuma."

Hilo lilimwingia Nusaiba barabara, na hakujaribu kulikwepa. Machozi yalimtoka, akayaacha, kwa kuwa aliyetaka kumficha ndiye peke yake asiyeyaona. Mama alichezea ncha ya leso. Alikuwa amekasirika kweli, na hasira yake ilikuwa na haki, na wala haikuisha. Adhana ya adhuhuri ilikuwa karibu.

"Mpigie," mama alisema. "Huyo ntu wa Chokocho. Mpigie sasa hivi, kabla sijageuza nia yangu."

"Mama..."

"Mpigie, nakwambia!"

Nusaiba alituma majina sita kwa Bwana Ridha, kisha akawapigia wote sita, mmoja mmoja, mama akisikiliza. Wa mwisho alipokea baada ya muda mrefu.

"Mzee Jaribu Ame Jaribu?"

"Mie, au yule mwenzangu wa pwani?" sauti iliuliza.

"Mama yako nani, mzee?"

"Bi Nyezume, Mungu amrehemu."

"Basi ni wewe. Njoo kesho asubuhi, usile kitu."

Mzee alishukuru, akaomba arudiwe saa, akashukuru tena. Mama alisikia yote. Nusaiba alipokata simu, mama hakumwambia kwamba amefanya vyema. Alitaka maji. Nusaiba akamletea.

Asubuhi ya siku ya nne walikwenda wote wawili kumchukua Mdogo. Alikuwa amekaa kitandani, bandeji jicho la kulia, akiwaeleza wagonjwa wengine jinsi ambavyo hakuogopa. Khairat alikuja na trei yake, akaosha mikono, akaivua bandeji taratibu, akalisafisha jicho na kumwambia alifungue bila pupa.

Bi Mdogo alifumbua. Alitazama dirisha kwanza, kisha mkono wake mwenyewe, pande zote mbili, akaanza kulia na Khairat akamkataza asilie. Kisha akamwona dada yake, amesimama miguuni pa kitanda ameshika chuma.

"Dada," alisema. "Kumbe umekonda hivi!"

"Wewe ulikuwa wadhani nanenepa?" mama alijibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka kidogo. Halafu kicheko kikaisha. Alikipapasa chuma cha kitanda akasogea mbele. "Mdogo wangu, nitazamie mwanangu. Mie huu mwaka wa pili sijamwona uso. Yupo hapo? Yukoje?"

Bi Mdogo akageuka. Nusaiba alijiweka sawa ushungi, akajaribu kutabasamu, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Jicho jipya lilimtazama kwa muda, jekundu, lenye maji, na halikuwa na haraka.

"Kachoka, dada," Bi Mdogo alisema. "Kachoka sana."

Mama akanyoosha mkono kumtafuta, upande wa dirishani, ambako hakukuwa na mtu. Nusaiba akazunguka kitanda, akasimama pale ulipokuwa mkono, akaupokea.